Sindano moja ndani ya nyingine: nilimkataza mama biopsi, halafu tukarudi Mbarara kuifanya

Wakuu, salamu kutoka Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande huu wa Uganda.

Kosa langu naliweka juu kabisa, ili hata mwenye haraka alichukue na kuondoka nalo: mama yangu alipoambiwa apigwe sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe, aliyemwambia akatae ni mimi.

Si mchungaji. Si majirani. Mimi.

Ninayoandika hapa yametupata sisi wenyewe na mama anajua naandika. Sina dawa ya kuuza na sina link ya kuwatumia. Nimekaa na hili jambo muda mrefu na nadhani kuna mtu humu yuko pale nilipokuwa mimi.

Kidogo kunihusu, ili mnielewe.

Ni fundi wa visima vya pampu ya mkono. Sikusomea. Nilianza kwa kuwashikia watu spana, baadaye nikawa natazama video kwenye simu, narudisha nyuma, natazama tena. Kiingereza nimekipata kwa njia hiyohiyo. Hata Kiswahili hiki cha kuandika nimekipata kwenu, kwa kusoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuchangia hata neno. Nyumbani tunaongea kile cha Kivu ya Kusini, ambacho walimu wenu wangekimaliza kwa kalamu nyekundu.

Na nina shida moja. Siwezi kutulia mpaka nihakikishe kitu kiko sawa kabisa. Nati nikiikaza naikaza tena. Nikifika nyumbani nawaza kama niliikaza. Kuna siku nilipanda baiskeli nikarudi kisimani kuangalia nati ambayo nilishairudia. Wenye hali hii mnanielewa, wengine chekeni tu.

Sasa mama.

Mama analima mahindi na maharage, na ni mwimbaji wa alto katika kwaya ya kanisa letu. Mimi mwenyewe niko tenor kwenye kwaya hiyohiyo, ila yeye ndiye watu wanamsikia. Kiongozi wetu akikosa kuja, mama ndiye anayefundisha.

Alianza kulalamika mgongo. Tukasema ni jembe. Akawa anatoka jasho usiku mpaka kitenge kinalowa, tukasema ni malaria. Akakonda, tukasema ni mawazo. Mwishowe nikampeleka kliniki ya Base Camp. Wakampiga ultrasound, ile wanayokupaka kitu cha baridi tumboni, wakaona uvimbe umekaa ndani sana, nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Wakatuandikia kwenda Mbarara.

Mbarara akapigwa CT scan. Daktari akaniambia kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria mama: picha inaonyesha kuna kitu, lakini picha haisemi ni kitu gani. Inaweza kuwa kifua kikuu kilichojificha tumboni. Inaweza kuwa saratani ya tezi, zile za limfu. Inaweza kuwa saratani nyingine kabisa. Kila moja ina dawa yake, na ukitoa dawa ya hii kwa ile unamuumiza mgonjwa bure. Kwa hiyo lazima wachukue kipande kidogo kwa sindano, kikapimwe maabara. Hiyo ndiyo biopsi.

Nikaomba muda wa kufikiri. Na mimi kufikiri kwangu ni kuingia mtandaoni.

Wakuu, nilikuta mtu ameandika kwenye jukwaa kama hili kwamba ndugu yake alikuwa mzima kabisa mpaka siku aliyochomwa sindano. Eti uvimbe ukakasirika, ukasambaa, akafa. Chini yake watu wakawa wanaitikia, kweli kabisa, hata kwetu ilitokea.

Nikatafuta kwa Kiingereza. Nikakuta kweli kuna jina la kitaalamu la jambo hilo, chembe za saratani kubaki kwenye njia ambayo sindano imepita. Nikasema, kumbe ni kweli. Sehemu iliyoeleza kwamba hutokea kwa nadra na inategemea aina ya uvimbe ilikuwa chini zaidi, na bando likaisha kabla sijafika.

Mimi, mtu wa kurudi kisimani kwa ajili ya nati, hiyo sikurudi kuisoma.

Nikamwambia mama, sindano hapana, itatawanya. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata macho.

"Njo weye unasomaka," akasema, yaani wewe ndiye msomi. "Kama unakatala, na miye nakatala."

Ilikuwa hivyo tu. Mtu mzima aliyenilea akaweka mwili wake juu ya mistari miwili niliyosoma kwenye simu.

Wiki zikapita. Akina mama wa kwaya wakamletea majani ya kuchemsha. Maumivu yakizidi anameza aspirini za dukani.

Nina mwenzangu wa kazi, Désiré, Mrundi, mtu wa maneno. Siku moja tuko kisimani, pampu inatoa maji kwa kukohoa, mimi nimeshaivua na kupanga vyuma vyote juu ya turubai. Désiré akasimama akavitazama.

"Weye pompe ikikohoa kidogo tu, unaifungua yote, unapanga vyuma chini kama mutu wa soko," akasema. "Mama yako anakonda mbele ya macho, umemwambia akae vile vile. Kumbe unapenda pompe kuliko maman."

Akacheka. Mimi nikakasirika, nikamwambia hajui kitu kuhusu saratani.

"Sijui," akasema. "Na weye haujui. Njo maana banataka kuangalia."

Jumapili ile kwaya ilisimama kuimba na mama akaomba kiti. Akaimba amekaa. Miaka yote sijawahi kumwona mama akiimba amekaa. Nilikosea kuingia kwenye tenor mara mbili kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Wiki hiyohiyo tukarudi Mbarara.

Safari hii tulipelekwa kwa daktari wa picha, yule anayefanya biopsi yenyewe. Mwanamke mmoja mfupi, Mnyankole mwenyeji wa huko, miwani imemshuka puani. Akaniuliza kwa nini tulikawia. Nikaanza kuzungusha maneno, mara usafiri, mara mvua.

Mama akanivuta shati. "Unamwambia nini? Mwambie ukweli. Mwambie njo weye ulinikatalia."

Basi nikasema. Nilijua atanifokea mbele ya watu. Hakunifokea. Alivuta kiti akakaa karibu na mama, si karibu nami, akawa anaongea naye huku mimi natafsiri.

Alisema jambo nililosoma lipo, hataki kutudanganya. Kuna aina za uvimbe ambazo hata yeye hazigusi kwa sindano, wanatafuta njia nyingine. Huu wa mama, kwa jinsi ulivyo na mahali ulipo, si wa aina hizo, na hatari ya kukaa bila kujua ni kubwa kuliko ya sindano.

Halafu akatuonyesha sindano zenyewe, zile za kufundishia.

Hapa naomba niende polepole, kwa sababu ndipo hofu yangu ilipopungua.

Zipo mbili. Ya nje ni mrija mwembamba. Inaingizwa taratibu, wanapiga picha, wanasogeza kidogo, wanapiga tena picha, mpaka ncha ifike kwenye ukingo wa uvimbe. Ikifika inakaa hapohapo, haitoki tena mpaka kazi iishe. Sindano ya pili ni nyembamba zaidi, inapita ndani ya ile ya kwanza. Inaingia, inakata kipande chembamba, inatoka nacho. Inaingia tena, upande mwingine kidogo, inatoka na kingine. Vipande vinapita ndani ya mrija, havikwaruzi nyama ya njiani. Ngozi inatobolewa mara moja tu, na vipande vinapatikana vya kutosha kupimwa kila kitu.

Nikajikuta nasema kwa sauti, "Ni kama U3!"

Daktari akashangaa. Nikamweleza: tuna aina ya pampu ambayo bomba la nje linabaki kisimani, wewe unavuta fimbo na pistoni kupitia ndani yake, unabadilisha mpira, unarudisha. Aina nyingine unatoa bomba zima, siku yote inaisha na watu wa kuteka maji wanakutukana.

Akasema hajawahi kusikia mfano huo. Mama, ambaye amenisikia nikizungumzia pampu mpaka amechoka, akauliza tu, "Basi kama unaelewa, mbona unatetemeka?"

Siku hiyo biopsi haikufanyika. Daktari aliuliza dawa zote anazotumia mama. Nikataja za hospitali. Sista mmoja, muuguzi pale, akamgeukia mama mwenyewe kwa kile Kiswahili cha Uganda, ambako nyabo ni mama na bambi ni tafadhali:

"Nyabo, ingine? Ya duka? Ya majani? Hapana ficha, bambi."

Mama akatoa aspirini kwenye fundo la kitenge. Kumbe zinafanya damu isigande haraka. Wakamwambia aziache, pamoja na yale majani, wakampima damu, wakatupa siku nyingine. Mkiuguza mtu, tajeni kila anachomeza, hata kile mnachoona ni kidogo.

Siku yenyewe.

Mama alilazwa kifudifudi kwenye kitanda cha CT, mikono mbele. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya kioo, na kipaza sauti cha kubonyeza na spika ya kuwasikia waliomo, kwa kuwa pale hakuna mwingine aliyemwelewa vizuri. Kazi yangu ilikuwa moja. Uvimbe wa ndani husogea mtu anapopumua. Kila wanapopiga picha na kila wanaposogeza sindano, mgonjwa anatakiwa ashike pumzi kwa kiasi kilekile. Si nyingi, si kidogo, kilekile.

Nilikuwa nimejifunza maneno hayo nyumbani mpaka nikayakariri. Vuta pumzi. Shika. Achia. Nilitaka yawe sahihi kabisa.

Nikayasema. Na mama akafanya kile ambacho mwimbaji wa kwaya yetu yeyote angefanya. Alijaza pumzi kuanzia tumboni mpaka mabegani, kama kiongozi ameinua mkono na wimbo unaanza. Mgongo wote ukapanda. Kwenye skrini ule uvimbe ukashuka chini, mbali na alama waliyoweka.

"Huyu anapumua kama anataka kupiga mbizi," daktari akasema.

Nikamwambia mama apunguze. Akapunguza sana. Mara ya tatu akajaza tena. Kila picha uvimbe uko mahali tofauti.

Walikuwa wameshampiga ganzi. Sindano ya nje ilikuwa imeingia kidogo tu kwenye ngozi. Daktari akasimama, akanitazama kupitia kioo, akasema kwa upole kwamba mahali hapo kuna figo upande mmoja na mshipa mkubwa wa damu upande mwingine, na hawezi kusogea mbele kwa kubahatisha. Tukishindwa, itabidi tuache, tupange siku nyingine.

Siku nyingine. Baada ya wiki zote nilizompotezea.

Nilikuwa natafuta neno sahihi. Wastani? Kiasi? Hakuna neno katika yale niliyokariri lililofaa, na kila nilipofungua mdomo nilisikia sauti yangu inapanda.

Sista akawa anamshika mama bega. "Haya nyabo, kadogo kadogo. Hapana jaza."

Ndipo nikaacha kutafuta neno.

Kwetu kwenye kwaya kuna mistari mirefu ambayo huruhusiwi kukata. Lakini mtu lazima apumue. Kwa hiyo unaiba. Unachukua pumzi ndogo katikati, jirani yako asisikie, mabega yasisogee. Mama anawafundisha vijana jambo hilo kila Jumamosi, na akisikia mtu anavuta kwa kelele anamtoa mbele.

Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Mama, usipumue ile ya kuanza wimbo. Iba. Ile ya katikati ya mustari, kiongozi asisikie."

Halafu nikaona mgongo wake unatikisika. Mama alikuwa anacheka.

"Nyabo! Hapana cheka, iko sindano!" sista akapiga kelele, naye anacheka.

"Mbona haukusema tangu mwanzo?" mama akajibu, uso uko kwenye mto. "Minajua kuiba."

Akaiba. Mgongo haukupanda. Picha ikaja, uvimbe uko kwenye alama. Akaachia, akaiba tena, uko palepale. Mara zote palepale, kama umepigiliwa.

"Umemwambia nini?" daktari akaniuliza. Nikamweleza.

"Mwambie aendelee kuiba."

Kutoka hapo kazi ilikwenda taratibu na vizuri. Sogeza, toka nje, piga picha, rudi. Ncha ilipofika ukingoni mwa uvimbe, wakaingiza ile ya ndani. Inalia tak, kama stepla kubwa. Walikuwa wamemsikilizisha mama mlio huo mapema ili asishtuke. Tak, inatoka na kipande. Tak, kingine. Ile ya nje haikuguswa.

Daktari akanionyesha kichupa kupitia kioo. Ndani kulikuwa na nyuzi fupi nyeupe, nyembamba kama za kushonea. Nilitegemea kitu cha kutisha. Nilizitazama sana, kwa sababu jibu la maswali yangu yote lilikuwa mle na si kwenye simu.

Mama alilazwa chali saa kadhaa, wakimpima presha. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Matundu ngapi?"

"Moja."

"Moja? Nilisikia ile kitu inalia mingi."

"Moja, mama. Zote zimepita fasi moja."

Hakuniamini mpaka sista alipomthibitishia. Tuliporudi Rubondo alionyesha ile plasta kwa wanawake wote wa alto. Anageuka, anainua blauzi kidogo mgongoni: tazameni, kamoja tu.

Majibu yalichukua muda, sehemu ya vipimo ilifanyika Kampala. Mimi sikuwa nalala vizuri. Mama alikuwa analala.

Tulipoitwa, kwa desturi yetu ningeambiwa mimi peke yangu, halafu nimwambie mama ni kidonda cha ndani, atapona. Nilishaanza kumwomba daktari tutoke nje kidogo. Mama akashika mkono wangu.

"Aseme hapa. Mwili ni wangu."

Nikatafsiri kila neno. Ni saratani ya tezi. Vipande vilitosha kujua ni ya aina gani hasa, na aina hiyo inasikia dawa vizuri. Neno kansa nililitamka mara mbili ili lisikike.

Mama akamtazama daktari. "Iko na dawa?"

"Iko."

"Basi bapange siku."

Sasa hivi yuko katikati ya matibabu, ile dawa ya dripu. Nywele zimenyonyoka, anafunga kitambaa na anasema kinampendeza kuliko nywele. Siku mbili tatu baada ya dripu anakuwa dhaifu, hataki hata harufu ya samaki. Halafu anaamka anaomba sombe, kisamvu chenu. Jasho la usiku limekwisha. Picha ya karibuni inaonyesha uvimbe umepungua sana. Daktari hajasema umekwisha na sisi hatusemi. Jumapili iliyopita aliimba amesimama, nyimbo zote, na akamkemea kijana mmoja kwa kupumua kwa kelele.

Wakuu, sisemi kila mtu akubali kila sindano. Ninachosema ni kwamba hofu yako ipeleke kwa yule atakayeshika hiyo sindano. Mwulize anapita wapi, mara ngapi, na kwa nini. Daktari wetu alijibu yote, na mengine hakuyajua akasema hayajui. Na wewe uliyeandika ule uzi wa ndugu yako, kama unasoma hapa, pole sana kwa msiba. Sikulaumu. Sikujua ndugu yako alikuwa na uvimbe gani, na wewe hukujua wa mama yangu.

Mwenye mgonjwa aliyepitia biopsi ya namna hii, au anayeiogopa, aandike hapo chini. Wa matibabu ya dripu pia, hasa nini mlikuwa mnawapikia siku zile za udhaifu. Nitajibu kila mtu, mnajua tabia yangu, nitasoma jibu langu mara nne kabla ya kulituma.

Zamani nilikuwa nasoma, naamua, mama anatii, daktari anakuwa wa mwisho kujua. Sasa mama anauliza, daktari anajibu, mimi natafsiri.